Disketi Niliyoificha Ndani ya Atlasi

Shinyanga, Oktoba 1999

Mama Mshauri, shikamoo. Najua unapokea barua za wanawake walioachwa na wasichana waliodanganywa, na yangu huenda ikakushangaza kwa sababu inahusu programu ya kompyuta, lakini naomba uisome hadi mwisho, maana nimefanya kosa ambalo sijalijutia, na sina wa kumwuliza kama kosa usilolijutia bado ni kosa.

Naitwa Limi, nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu na nakaa Kambarage. Nilitaka nijiite Msichana Mwenye Huzuni kama wengine wanaokuandikia, kwa kuwa mimi ni mtu wa aibu, hata darasani mwalimu akiniuliza swali ninalojua jibu lake namwandikia kwenye daftari, lakini utaona mbele kwamba barua yangu yote ni ya kudai watu waitwe kwa jina wanalojulikana nalo, kwa hiyo siwezi kuileta na jina la bandia.

Tangu kabla sijazaliwa, nje ya duka la Mzee Ebrahim, anayeuza majembe, makarai na kamba za wachimbaji, kuna ubao ambao watu hubandika karatasi za kuwatafuta ndugu zao walioenda machimboni, na wasiojua kuandika huandikiwa na Mama Rebeka anayekaa kaunta. Wewe unajua mambo ya machimbo, mtu akifika Maganzo kwenye almasi au Runzewe kwenye dhahabu anapewa jina jingine siku hiyohiyo, na lile alilopewa na baba yake linabaki nyumbani, kwa hiyo ukienda kuuliza Maduhu yuko wapi utazunguka mashimo yote na hakuna atakayekujibu, hata Maduhu mwenyewe akiwa amesimama hapo, kwa sababu watakaokusikia wanamjua kwa jina la Chumvi. Ndiyo maana kila karatasi ya ubao ule huanza na jina la machimboni, ambalo jamaa hulipata kwa waliorudi. Kaka yangu Mabula huko Runzewe anaitwa Redio, kwa sababu hanyamazi. Nyumbani kwetu maneno yote aliyachukua yeye.

Mwaka huu Mzee Ebrahim alinunua kompyuta ikaungwa na simu, na mimi, niliyekuwa nimesoma mara tatu kitabu cha kompyuta alichotuachia mwalimu wa kujitolea, nilimwandikia mzee barua, sikuweza kumwambia kwa mdomo, kwamba ubao unaweza kuwekwa kwenye tovuti, yaani ukurasa unaofunguliwa kwenye kompyuta yoyote yenye simu. Alikubali. Niliikuta programu ndogo ya bure kwenye sidii iliyokuja na gazeti la kompyuta, inaenea kwenye disketi moja na nafasi inabaki, nikayafuta maneno yake ya Kiingereza nikaweka yetu, ikawa inauliza mambo manne tu: Anaitwaje huko? Alionekana wapi mara ya mwisho? Nani anamtafuta? Neno gani? Unajibu, unabonyeza, na ukurasa unajipanga wenyewe. Kila Jumatano dada Usha mwenye duka Geita anaufungua ukurasa wetu, anauchapa na kuubandika nje kwake, na madereva wa malori wanabeba nakala hadi Runzewe. Tangu Juni wamepatikana watu saba. Nawajua wote kwa majina yote mawili.

Mwezi uliopita akaja Tanvir, mtoto wa kaka yake Mzee Ebrahim, kutoka Dar es Salaam alikosomea kompyuta, ni kijana mpole na ana viatu vizuri, akaangalia kazi yangu akasema, "Mdogo wangu, umejitahidi. Lakini hiki ni kitu cha shule. Tunataka kitu cha kimataifa." Akaweka programu kubwa ya sidii nne. Hiyo ina mwandishi, ina mhariri, ina mtoa kibali, na mtoa kibali ni yeye, akiwa Dar. Inataka jina la kwanza, jina la ukoo na sanduku la posta, na ukiacha hata kimoja inakukatalia kwa herufi nyekundu, kwa Kiingereza.

Mama Rebeka aliitwa ajifunze. Alikaa, akavaa miwani, akasoma karatasi ya kwanza, akasema, "Baba, huyu anaitwa Kichwa Ngumu. Sasa la kwanza niweke Kichwa, la ukoo niweke Ngumu?"

"Mama, jina lake halisi."

"Halisi ndilo hili. Hilo jingine ni la shule. Na sanduku la posta la mtu anayelala shimoni ni lipi?"

Tulicheka, hata Tanvir alicheka, lakini programu haikucheka. Tulijaribu karatasi thelathini na moja za wiki ile, ikapokea tisa. Moja kati ya hizo tisa ilikuwa ya kaka yangu, kwa kuwa nililijua jina la baba na nikaweka sanduku la posta la duka, lakini Redio halikuwa na pa kuingia, kwa hiyo aliyepokelewa ni Mabula, ambaye Runzewe hayupo. Nikamwambia Tanvir, kwa sauti ndogo, kwamba hatapatikana. Akanijibu, "Lakini wa kwako si ameingia?"

Mama Mshauri, mama yetu atafanyiwa upasuaji Mwanza tarehe sita Desemba, na kila asubuhi ananiuliza kama Redio amesikia.

Nilimtazama Mzee Ebrahim, akasema, "Limi, binti yangu, Tanvir amesomea." Nilingoja wakaenda kunywa chai, nikachomoa disketi yenye programu yangu na matangazo yote, na bila hiyo Tanvir hawezi kuyahamishia kwenye programu yake. Nimeificha ndani ya atlasi, kwenye Amerika ya Kusini, ambako darasani kwetu hakuna anayefungua. Mzee aliniuliza, "Umeiona disketi?" Nikasema sijaiona. Leo ni siku ya kumi na moja, ukurasa umesimama, na Tanvir anasubiri. Sitaki kuirudisha. Wakinipiga sitairudisha. Ila usiku mmoja nilijiuliza kama mtu mwema anaweza kumdanganya mzee aliyemwita binti yangu, na jibu silijui, ndiyo nakuandikia. Nifanyeje?

Limi, Kambarage


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Limi. Kwanza nikuambie kwamba sijashangaa. Miaka tisa nasoma barua za watu wanaoambiwa "fulani amesomea" ili wanyamaze, wake na waume na wauguzi na mafundi cherehani. Yako ni ya kwanza yenye kompyuta, lakini ugonjwa naujua.

Uko sahihi kuhusu programu. Chombo kinachokataa watu ishirini na wawili kati ya thelathini na mmoja si cha kimataifa hata kikija kwa sidii mia, maana kimeshindwa kufika Maganzo. Tanvir hakuwa na ubaya. Kosa lake ni kuchagua chombo kabla ya kusimama siku moja mbele ya ubao kusoma karatasi zake. Na lile neno lake, kwamba wa kwako ameingia, lilikuwa neno la kukununua. Ulifanya vema kutonunulika.

Sasa kaa sawa, maana zamu yako imefika.

Umeniandikia kwa fahari kwamba programu ya Tanvir ilikataa watu ishirini na wawili. Wewe kwa siku kumi na moja umekataa wote. Jumatano iliyopita Usha alifungua ukurasa uleule wa zamani. Madereva wamebeba karatasi kuukuu. Kama kuna mama amekwenda kwa Mama Rebeka wiki hii kumtafuta mwanawe, neno lake limekwama Amerika ya Kusini, na wa kwenu yumo humohumo. Kumdanganya mzee ni kosa, ndiyo, na utamwambia hivyo. Lakini kubwa zaidi ni hilo la kuwazima watu ili ushinde mabishano.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukulijua ulipokuwa ukiandika. Mimi kompyuta siijui, kwa hiyo barua yako nilimsomea Cornel, anayepanga kurasa za gazeti hili. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Nakala ya pili iko wapi?" Nikamwambia haipo. Akatikisa kichwa. Anasema chombo rahisi ni kile ambacho mwenyewe akiugua malaria, mwingine anaendelea nacho, na siku ukikichoka unatoka na maandishi yako yote bila kumwomba mtu ruhusa. Chako kimefaulu hilo la pili. La kwanza kimeshindwa, kwa sababu binti mmoja amekiweka mfukoni na tovuti nzima ikafa. Unakiita rahisi. Kwako ni rahisi. Mama Rebeka amewahi kukitumia ukiwa shuleni, au husubiri utoke saa tisa? Hukuniambia, na kunyamaza kwako kumenijibu.

Basi fanya hivi. Kesho toa disketi kwenye atlasi, uitolee nakala mbili kabla ya mambo mengine, moja akae nayo Mzee Ebrahim na nyingine Mama Rebeka. Nenda kwa mzee umwambie, kwa mdomo wala si kwa barua, "Mzee, niliichukua mimi, nilikudanganya, nisamehe." Uishie hapo. Usiombe radhi kwa maoni yako, hayana kosa. Siku hiyohiyo matangazo mapya yaingizwe kwenye ukurasa.

Halafu, ukiwa bado umesimama hapohapo, omba jaribio. Jumamosi Mama Rebeka akalishwe mbele ya programu zote mbili na karatasi tano kutoka ubaoni, zikiwemo ya Kichwa Ngumu na ya kaka yako. Wewe na Tanvir mkunje mikono nyuma na mfunge midomo. Atakayemfundisha hata kwa kukohoa ameshindwa. Itakayotumika ni ile atakayoimaliza yeye, kwa sababu ndiye atakayekuwa kaunta mwakani ukiwa unajiandaa na mtihani.

Tanvir umpe nafasi ya haki. Akiweza kuongeza pa kuandikia jina la machimboni, akageuza maneno yawe Kiswahili, na kibali akakitoa Dar akakileta kaunta, programu yake itakuwa imekuwa nzuri, nawe utakubali bila kununa. Akishindwa, mzee akarudia kwamba amesomea, hapo mwanangu useme hapana, kwa sauti itakayosikika hadi kwenye rafu ya majembe. Useme, "Mimi nimewasoma hawa watu." Ukitetemeka, tetemeka huku unasema. Hakuna sheria inayokataza.

Na ubao wa nje usiguswe na yeyote. Umeme ukikatika ndio utakaobaki unasomeka.

Limebaki moja. Gazeti hili hufika Runzewe kwa malori hayohayo, mara nyingi limechelewa, na baadhi ya nakala husomwa baada ya kufungia maandazi. Hainisumbui. Mhariri wangu ameniuliza jina la ukoo, nimemwambia halihitajiki. Aliyeshika kipande hiki asome kwa sauti:

Anatafutwa Redio, mchimbaji, asiyenyamaza. Mara ya mwisho alionekana Runzewe. Mama yako anafanyiwa upasuaji Mwanza tarehe sita Desemba, rudi Kambarage kabla ya hapo. Anayekutafuta ni Limi, mdogo wako, ambaye siku hizi naye anasema.