Mbegu Zisizo na Kiini

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku msituni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Mimi mwili hauna neno. Mvua imenyesha wiki nzima na bati linavuja juu ya meza, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani.

Uliniuliza kama kazi ya mumeo itaendelea, maana umesikia uvumi. Acha nikueleze tangu mwanzo.

Unajua shemeji ni msimamizi wa wakata miti, na mimi ndiye niliyemtafutia nafasi hiyo. Hapa wakimaliza kukata eneo huacha miti mikubwa michache, mmoja hapa, mwingine kule mbali, ili idondoshe mbegu na msitu uote tena wenyewe. Kazi yangu ni kufunga nyavu chini ya miti hiyo na kupima mbegu zinazoanguka. Ripoti yangu ikisema zinatosha, wanapewa eneo jingine. Miaka yote mizani imesema zinatosha, tena zinazidi. Shemeji akipita na msumeno begani huniita Bwana Mbegu, akisema yeye anatoka jasho na mimi naokota makombo, na wenzake hucheka mpaka wanashikana mabega. Nami humjibu kwamba siku alipokuja kukuchumbia ulikuwa unaumwa macho. Jioni tulikuwa tunakula sahani moja. Hakuna mwingine huku wa kuzungumza naye habari za nyumbani.

Lakini maeneo yaliyokatwa zamani hayaoti. Nilikwenda kuyatembelea: nyasi ndefu, vichaka, na miche ya kutafuta kwa tochi. Niliporudi nikachukua wembe, nikaanza kupasua mbegu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya hapa, maana sote tuliamini mizani. Mbegu hai ina kiini cheupe, kinene. Nyingi za kwangu zilikuwa maganda matupu. Tulikuwa tunapima maganda. Mbegu za miti iliyosimama pamoja, katika eneo ambalo halijaguswa, zilikuwa zimejaa. Mti ulioachwa peke yake huchanua vizuri tu, ila chavua ya maua ya wenzake haiufikii, na mbegu zake hubaki tupu.

Nilimwonyesha shemeji kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliigeuza mbegu kiganjani, akauliza kama wakubwa huwa wanazipasua. Nikamwambia hapana, wao husoma ripoti tu. Akasema basi wembe wangu niuache kwenye ndevu. Hakuwa anatania. Akanikumbusha kwamba wanaokula kwa jasho lake ni wapwa zangu.

Ripoti nimeipeleka, mdogo wangu. Nimeandika nilichokiona, na kupendekeza miti iachwe kwa makundi, na eneo linalofuata lisiguswe mpaka mpango ubadilishwe. Wamekubali. Ukataji umesimama na kikosi kizima kinaondoka leo. Mumeo anarudi nyumbani bila kazi, na aliyemwondoa si wakubwa, ni mimi. Nimetaka ulisikie kwangu.

Tangu nilipoipeleka ripoti hajala nami, wala hajaniita Bwana Mbegu. Ndiye atakayekuletea barua hii. Nilipomwomba, aliitikia kwa kichwa bila kuniangalia. Wakishaondoka nitabaki mimi na nyavu. Hata ukikasirika, niandikie.

Asubuhi nilipofungua mlango nilikuta kuni zimepasuliwa na kupangwa ukutani, za kutosha msimu wote wa mvua. Wenzake wanasema ni kazi yake, aliifanya bila kusaidiwa. Nilitoka kumshukuru, akasema gari linangoja, nirudi ndani nimalize kuandika.

Basi namaliza. Msalimie mama, wakumbatie watoto, na mumeo usimuulize lolote mpaka awe ameshiba.

Ni mimi,
Kaka yako.