Fahali na Udongo wa Mlimani

Ijumaa, 1 Juni 1956

Alfajiri nilikwenda kutazama kijiti changu cha kupimia maji ukingoni, kama kawaida. Maji yameshuka tena. Mto unarudi kwake. Shambani umeacha tope jipya, la rangi ya kahawia, laini kama samli. Nililikanyaga makusudi. Lilinifika juu ya kifundo cha mguu. Sijaona neema ya namna hii tangu niache kufundisha. Mpunga utakubali. Nimefurahi, na neno hilo halihitaji pambo.

Baada ya swala nilimkumbusha jirani yangu Komora kwamba udongo huu si wa hapa. Umetoka mlimani. Katika ujana wangu nilifundisha huko juu, kwenye miteremko ya malisho ya kondoo, ambako asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, na vidole haviwezi kushika chaki. Udongo wa kule ni mfinyanzi mtupu. Mvua ikinyesha hunata viatuni hata mtu akarefuka. Mvua ikizidi huteremka, na mto hutuletea. Komora alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi, Mwalimu, tuwapelekee salamu za shukrani hao kondoo." Husema hivyo kila mafuriko. Hucheka peke yake.

Jumatatu, 4 Juni

Guyo amekuja. Ni Muorma, rika langu. Tumebadilishana mahindi kwa maziwa tangu watoto wetu wakiwa wachanga. Safari hii hakuleta maziwa.

Malka yake, yaani njia ambayo ng'ombe wake hushukia mtoni, imeharibika. Ukingo umemeguka na mkuyu umeanguka papo hapo. Ng'ombe wanakunywa madimbwi ya nyikani, na madimbwi yanakauka. Malka nyingine iko mbali, ndama hawataifika. Wenye mashamba wote wamemnyima njia. Wanaogopa mpunga utakanyagwa.

Anamhofia zaidi fahali wake. Ni mweupe, mwenye nundu kubwa, na ndiye fahali pekee aliyebaki baada ya ukame. Akifa huyo, zizi zima ni la wajane.

Nikamwambia apitishe ng'ombe pembeni mwa shamba langu. Mke wangu Amina alikuwa akimimina chai. Akasema, "Baba Halima, umemuuliza Guyo. Tope nalo umeliuliza?" Sikumjibu. Maneno ya namna hiyo hayana jibu.

Jumanne, 5 Juni

Baraza la wazee. Komora alipinga. Alisema ng'ombe hana adabu mbele ya mche. Nilijibu kwa hoja, kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Mwishowe wamekubali kwa sharti moja: ng'ombe wasipite mpaka ardhi iwe ngumu, na mwenye kutamka kwamba ni ngumu niwe mimi.

Nilikubali kwa furaha. Nani mwingine hapa anaujua udongo huu tangu huko unakotoka?

Alhamisi, 7 Juni

Jua kali. Nyufa zimeanza. Ukucha unaingia.

Jumamosi, 9 Juni

Nyufa zimepanuka, kidole kinaingia. Kule mlimani udongo ukipasuka hivi, gari la ng'ombe hupita juu yake na mzigo. Nilipiga kisigino mara kadhaa. Pagumu kama sakafu.

Guyo alichomeka fimbo yake, akaitazama ncha. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kusahihisha: "Mwalimu, juu kavu. Chini mimi najua hapana."

Nikamwambia, "Mimi najua."

Kesho wanapita.

Jumapili, 10 Juni

Nilikosea.

Fahali alitangulia, kama ilivyo desturi yake. Alikwenda vizuri mpaka katikati ya njia. Kisha ganda likapasuka chini yake kama ukoko wa chungu, akazama. Miguu yote. Tumbo likalala juu ya tope. Alijitutumua, akazidi kushuka. Vijana waliwarudisha mbio wale ng'ombe wengine.

Udongo ni ule ule. Mahali ndipo si pale pale. Mlimani maji huteremka na kuuacha udongo mkavu mpaka ndani. Hapa kwetu mto unakaa chini ya udongo, kama mtu aliyejifunika shuka akajifanya amelala. Nimeyaelewa hayo leo, nikiwa nimesimama kando ya mnyama wa mwenzangu anayekufa kwa neno langu. Niliona haya. Niliogopa pia.

Guyo hakunilaumu. Aliingia topeni, akakishika kichwa cha fahali, akawa anasema naye kwa Kiorma, polepole, kama anavyosema mtu na mgonjwa. Hilo lilinichoma kuliko tusi. Vijana walitaka kufunga kamba kwenye pembe zake wavute. Aliwazuia. Shingo ingevunjika.

Ndipo akaja Komora. Nilijua ananiandalia nini.

"Mwalimu, na huyu fahali naye ameteremka kutoka mlimani?"

Watu walicheka. Nilistahili. Kisha akavua shati, akazunguka tope, akaangalia. "Mtumbwi uliokwama hauvutwi mkavu," akasema. Akawatuma watu.

Hapo kila mtu alijua kazi yake, maana hapa hakuna asiyewahi kusaidia kukokota mtumbwi mpya kutoka msituni hadi mtoni. Wanawake walileta maji kwa mitungi, wakayamwaga kandokando ya miguu ya fahali, Amina akiwa mbele yao. Vijana walitikisa mnyama kushoto na kulia, taratibu, maji yakapenya, tope likaanza kumwachia. Uliletwa mtumbwi wa zamani wa Komora, ule unaovuja. Aliuvunja ncha ya mbele kwa shoka bila kufikiri mara mbili, ukasukumwa chini ya kifua. Mbele yake yalitandikwa matete. Kamba ikapitishwa mabegani mwa fahali na nyuma ya mapaja yake.

Mtumbwi haukokotwi bila wimbo. Komora akaanza, na maneno akayatunga hapo hapo:

"Mwalimu kasoma mlima!"

Watu wakaitika, "Vuta!"

"Mto hakuusoma!"

"Vuta!"

Waorma hawakuujua wimbo huo. Kufikia mzunguko wa pili walikuwa wakiitika kwa nguvu kuliko sisi. Nami nilikuwa kwenye kamba, kanzu imefungwa kiunoni, naitika wimbo wa kunikejeli. Ningeacha kuitika, ningepoteza mwendo wa wenzangu.

Alitoka kwa mlio mkubwa, kama kizibo cha mtungi. Mtumbwi uliteleza juu ya matete mpaka kwenye ukingo mgumu, fahali juu yake kama abiria. Akalala. Hakutikisika. Guyo alimfuta tope puani kwa kiganja. Niliinama nimtazame jicho.

Akapiga chafya. Usoni pangu.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Komora akanishika nisianguke. Udongo wa mlimani ulikuwa mdomoni mwangu, na nina hakika sijawahi kucheka hivyo mbele ya watu tangu nioe.

Jumatatu, 11 Juni

Fahali amesimama. Anachechemea, lakini anakula. Jana alinyweshwa kwa ndoo, na ng'ombe wote vilevile. Maji yalitekwa na mikono ya kijiji kizima.

Mgongo unaniuma. Mabega pia. Nina furaha kubwa.

Watoto wanauimba ule wimbo chini ya dirisha langu. Walikuwa wakiuimba vibaya, wanameza silabi. Nilitoka nikawafundisha mizani yake.

Jumatano, 13 Juni

Kazi ya njia. Wazee walisema ng'ombe wapewe malka ya kudumu, na wapite papo hapo pembeni mwa shamba langu, lakini njia ijengwe; mpaka iwe tayari tutawanywesha kwa ndoo. Sisi tumekata matete na makuti ya mkoma, tukayapanga tabaka juu ya tabaka. Waorma wameleta miiba, wakajenga ua pande zote mbili. Sasa mche utakuwa salama, na ng'ombe hatahitaji adabu.

Nilitaka kumlipa Komora mtumbwi. Alikataa. Alisema ulikuwa ukivuja na sasa una sifa. Hata hivyo nimempa mti wangu wa mbambakofi ulioko nyuma ya makaburi. Atauchonga baada ya mavuno, na sote tutaukokota.

Nimeondolewa wadhifa wa kutamka ugumu wa ardhi. Atatamka Guyo kwa fimbo yake. Baraza lilipitisha bila mabishano. Mimi ndiye niliyetoa hoja.

Jumamosi, 16 Juni

Guyo ametuma neno: fahali ameanza tena kazi yake zizini.

Amina amesema, "Alhamdulillahi," kisha akaniuliza kama tope limeulizwa. Safari hii nimemjibu. Limeulizwa.

Jumatano, 27 Juni

Miche imeshika. Shamba lote limekuwa kijani kibichi.

Asubuhi Guyo alichomeka fimbo njiani, akaichomoa, akaniitikia kwa kichwa. Ng'ombe wakaja. Fahali alitangulia. Matete yalilia chini ya kwato zake, yakastahimili.

Katikati ya njia, nje kidogo ya ua, lile shimo lake bado liko. Limejaa maji. Amina amechomeka miche michache ukingoni mwake. Fahali alipofika hapo alisimama. Alinyoosha shingo juu ya miiba, akanusa kwa muda. Kisha akasogea upande wa pili wa njia, akapita akiwa ameugusa ua kwa ubavu. Hakuna aliyemwambia.

Walifika mtoni wote. Akanywa. Guyo alisimama kando yangu, akifuta ncha ya fimbo yake. Maji bado ni ya kahawia.