Gitaa Alilolilia Mama

Murubona, Kasulu
12 Oktoba 2014

Mpendwa dada Josepha,

Salamu nyingi toka kwa mdogo wako. Hamjambo huko Songea? Mguu wa mama unaendeleaje? Sisi wazima, mvua imeanza na maharage tumeshapanda.

Kwa heshima zote natangaza rasmi kwamba nimebadilishwa jina. Vijana wa bodaboda hapa mjini sasa wananiita Mzee Moja-Mbili. Ubatizo haukuwa na sherehe, hata soda sikununuliwa.

Jina limetoka kwenye albamu yetu mpya. Ile bendi unayoifahamu, ya magitaa na tumba, baada ya miaka ishirini na sita imeingia kwenye midundo ya kompyuta. Kipriani, mpiga besi wetu, alisema tusipobadilika tutabaki kupigia watu kipaimara. Tukamwendea Japhet, fundi wa studio. Ile sauti yangu ya kuwaanzisha wenzangu, "moja, mbili, tatu!", ameikata akairudiarudia wimbo mzima. Vijana wanairukia mpaka vumbi linatimka.

Tulikwenda kuizindua Kibondo. Nilisimama na gitaa shingoni, waya haukuchomekwa popote, nikawa nachezesha vidole na kutabasamu. Mlevi mmoja akapaza sauti, "Mzee, leo umelikamata!" Nikampungia mkono.

Nisalimie shemeji Isack. Recho mwambie mjomba wake bado hajui kucheza, ila sasa analipiwa nauli akaoneshe.

Nikifika kwa mama kalamu inakwama. Umeniandikia kwamba gitaa lilipoingia kwenye wimbo wa nne wa albamu hiyo alilia, akasema, "Huu mkono wa mwanangu." Dada, si mkono wangu. Ni kinanda cha Japhet kinachoiga gitaa.

Nilipiga, tena kutwa nzima. Lakini kompyuta haimsubiri mtu, na vidole vyangu vimekuwa vizito. Kila tukirudia nachelewa. Japhet ana adabu: "Baba, mara moja tu tena." Mara ya tisa Kipriani akaangalia sakafu. Kipriani, niliyemfundisha mwenyewe kushika besi! Nikacheka, nikasema, "Futa, bwana, weka chako." Nikangoja mmoja wao akatae. Hakuna aliyekataa. Japhet akafuta.

Mama usimwambie. Ila siku akiuliza mwanawe yuko wapi humo ndani, mwambie asikilize anayehesabu.

Mungu awatunze nyote.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Felisiani