Kurasa Zilizofungiwa Njugu

Shuleni Endebess,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za heshima na upendo. Je, mguu umepata nafuu? Na tumbaku, imekauka kabla ya mvua? Mimi ni mzima. Watu hapa huniita mwalimu, nami bado hugeuka kutazama ni nani anayeitwa.

Mama, wajua nilivyotamani vitabu vya hadithi na imani za ajabu. Vipya siviwezi kwa mshahara wangu. Jumamosi nilinunua njugu Kitale, katika duka la Mzee Salim karibu na msikiti, nikaona karatasi aliyozifungia ni ukurasa wa Kiingereza ulioeleza desturi za mapacha katika nchi yetu! Nikarudi mbio. Kitabu kilikuwa kando ya mizani, kimechanwa nusu. Alikuwa amekinunua pamoja na magazeti ya mzungu aliyehama.

"Ni mambo ya ushirikina tu," nilisema, nikijifanya sikijali.

"Kama ni upuuzi, mwalimu, mbona unahema?"

"Lakini kimechanika, Mzee."

"Kurasa zilizopungua watu wamekwisha kuzilia njugu. Niandikie barua ya kuomba leseni ya duka, Kiingereza kikali, kisha uchukue."

Nikamwandikia palepale, nikachukua.

Kitabu chasema kwamba mama aliyezaa mapacha alifungiwa nyumbani, na mlango haukufunguliwa mpaka jamaa wa pande zote mbili waje na ngoma na nyimbo. Ukurasa unaofuata haupo. Tangu hapo sina raha, Mama. Ulituzaa mapacha, mimi na Mukhwana, wala hujapata kutusimulia siku zile. Baba ni mwalimu wa kanisa, hapendi mila hizo zitajwe, nasi tuliogopa kuuliza, simlaumu. Lakini naomba kwa adabu: walikuja kukuimbia? Au ulitoka peke yako, kimya, umebeba watoto wawili?

Mukhwana, anayekusomea barua hii, asiruke neno, na jibu lako aliandike jinsi utakavyolisema.

Nisalimie Baba kwa heshima zote, shangazi mfinyanzi, na mjomba wa Mabanga aliyenilipia karo.

Na kama hawakuja, Mama, likizo hii ujifungie ndani. Mimi na Mukhwana tutasimama nje ya mlango tuimbe mpaka utoke. Sauti yangu unaijua, utavumilia.

Ni mimi mwanao, niliyechelewa kuzaliwa kidogo tu,
Mulongo