TV ya Baba Iko kwa Fundi

Kata ya Kinyala,
Tukuyu, Rungwe.
16 Juni 2024

Kaka yangu mpendwa Ezron,

Pokea salamu za nyumbani, ambako ukungu uliingia tangu Mei na hauna dalili ya kuaga. Hujambo wewe? Shemeji Jenifer na watoto hawajambo? Na hilo goti lako, baridi ya Johannesburg inalifanyaje? Sisi huku ni wazima kwa kiasi. Hilo neno "kwa kiasi" nimeliweka makusudi, utaona mbele.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi. Simu yako ikiingia tu, Baba husema weka sauti kubwa, na ukishaweka sauti kubwa huwezi kumsema mtu aliyekaa kiti cha pili. Ujumbe wa kuandika nao nimeuona mwepesi kwa habari hii, tena wewe una kawaida ya kujibu kwa kidole gumba. Ndiyo maana barua hii nimempa Simon dereva, anayerudi huko na lori. Isome ukiwa umekaa.

Chai tunachuma, mvua za mwisho ziliisaidia. Ng'ombe amezaa dume, kama kawaida yake. Migomba ya bondeni imeangushwa na upepo, na jirani amekuja kutupa pole huku akihesabu mikungu kwa macho.

Sasa la TV. Uliuliza itengenezwe au inunuliwe nyingine, ukasema lile lichogo la zamani litupwe, utatuma la ukutani. Nilikujibu kwamba tunaangalia. Kweli tuliangalia, na tulichokiona ndicho kinachoniandikisha.

Ilianza Februari. Baba alilalamika kwamba TV inapungua. Picha inaliwa pembeni, anasema. Mtangazaji hana masikio. Kwenye mpira ndiyo usiseme: mchezaji anapiga, mpira unatoka nje ya kioo, halafu watu wanashangilia goli ambalo yeye hakuliona. Mimi nilichungulia, nikaona masikio ya mtangazaji yote mawili. Lakini unaijua nyumba hii. Baba akisema picha imeliwa, imeliwa. Nikasema ndiyo Baba, kweli imepungua. Na nisikufiche, kaka, wiki ya pili hata mimi nilianza kuona kagiza pembeni.

Tukakaa kikao, mimi na yeye. Mimi nikasema kaka Ezron analeta mpya. Akaniangalia kama nimependekeza kumbadilisha mke. "Kitu kikiugua kinatibiwa," akasema. "Huyo Ezron tangu utoto hajui kushona kifungo, yeye anajua kutupa shati." Naomba usikasirike, nakufikishia tu.

Basi Aprili nikaifunga TV kwenye blanketi, nikaipakia bodaboda hadi Makandana kwa fundi Ramadhani, yule mwenye kibanda cha redio na simu. Aliiwasha. Akazunguka nyuma, akarudi mbele, akavuta kigoda, akatazama taarifa ya habari mpaka mwisho. Kisha akaizima.

"Abrahamu, hii TV nani kasema mbovu?"

"Baba."

"Mzee ana miaka mingapi?"

"Sabini na nane."

Alifuta mikono kwenye kitambaa, na mikono yenyewe haikuwa na uchafu. "Mimi natengeneza TV, ndugu yangu," akasema. "Mpeleke mzee wako hospitali."

Nilimpeleka kwa kumdanganya kwamba tunakwenda kupima presha. Sikudanganya sana, maana kumbe ilikuwa presha kweli, ila ya macho. Daktari alimwacha Baba kwenye benchi, akaniita ndani. Akasema ugonjwa huu huanzia pembeni, unakuja taratibu kuelekea katikati, na ulichokwisha kula haukirudishi. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na tundu kama la kuchungulia mlangoni. Nikauliza kuhusu upasuaji. Akasema labda kulinda hilo tundu, akatupa matone na tarehe ya kurudi, na tarehe tumeifuata. Safari ya pili akasema tundu limepungua tena, na kwa hali ya mishipa yake kisu hakishauriwi. Nilimwambia Baba haya ni matone ya vumbi. Alikubali haraka mno. Mtu asiyekubali hata bei ya chumvi.

Siku ile ya kwanza nilipofika nyumbani nikamweleza Sekela. Mke wangu, wewe unamjua, ni mkwe wa kizamani. Miaka kumi na minne tangu nimuoe hajawahi kumtazama Baba usoni wala kukaa naye chumba kimoja. Chakula hukiweka kwenye kigoda mlangoni, anakohoa, anaondoka. Nilitegemea alie. Yeye akaendelea kumenya ndizi.

"Mimi najua tangu msimu wa mahindi mabichi," akasema.

"Umejuaje, na wewe humwoni?"

"Sahani. Ndizi za katikati zimeliwa, za pembeni zimerudi. Nyama nikiiweka ukingoni, inarudi. Nikaanza kumpakulia kwenye bakuli dogo, akawa anamaliza."

Nilipandisha sauti. Mbona hukusema, mwanamke wewe?

"Ningesemaje, baba Tupokigwe? Kusema macho ya baba mkwe yameharibika ni kukiri kwamba nimeyatazama. Wewe mwenye ruhusa ya kuyatazama ulikuwa unatazama TV."

Miezi miwili mizima, Ezron. Daktari alisema tungewahi, tundu lingebaki kubwa zaidi. Mimi niliwahi kwa fundi.

Sasa swali lako ndilo limekuwa gumu. TV si mbovu. Iko Makandana juu ya meza ya Ramadhani, inafanya kazi vizuri kuliko zote za pale, na jioni wateja wake wanatazama mpira humo. Baba nimemwambia inasubiri kifaa kutoka Dar. Nilitaka kuirudisha, nikafika nayo mpaka kituo cha bodaboda, nikageuka. Nikiirudisha nikasema imepona, ataiwasha, na giza lile litakuwa palepale. Hapo atabaki na nini cha kulaumu?

Na hiyo yako mpya ni mbaya zaidi. La zamani bado anaweza kulitilia shaka. Jipya kutoka dukani, kubwa kama mlango, likiwashwa na asione ila kijitundu, litakuwa limemsomea hukumu mbele ya wanawe. Kwa hiyo nakuomba usitume. Najua unataka kusaidia, na najua ukiwa mbali kutuma kitu ndiyo njia ya kuwepo. Lakini safari hii usitume kitu.

Nilimpa redio. Aliirudisha mlangoni, kwenye kigoda cha Sekela. "Redio wapewe wasioona," akasema, kisha akaomba chai. Basi siku nzima anakaa kwenye kiti chake, ameelekea pale meza tupu ya TV ilipo. Matone namtia mimi, asubuhi na jioni. Hanishukuru wala hanizuii.

Sikuandikii ili unipe dawa. Daktari ameshasema haipo. Nakuandikia kwa sababu tundu bado lipo, ingawa kila mwezi ni dogo kuliko mwezi uliopita. Ukija Desemba kama ulivyopanga, sijui utamkuta na kiasi gani. Ukija Julai, kaa mbele yake, karibu, katikati. Usikae pembeni.

Wasalimie shemeji Jenifer na watoto, mkubwa umwambie shangazi zake wanaulizia urefu wake. Sekela anakusalimu. Tupokigwe anakusalimu, amefaulu isipokuwa hesabu. Ramadhani fundi naye anakusalimu, na hataki chochote kwa kuitunza TV.

Baba ananisikia nikiandika, kalamu hii inakwaruza. Ameuliza namwandikia nani, nikamwambia wewe. Akasema nikufikishie salamu zake, halafu nikipita Makandana nimwambie fundi asiharakishe.

Mungu akulinde huko ugenini na akufungulie njia ya kurudi mapema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Abrahamu