Adhabu ya Kukausha Kuni

Alhamisi, Julai 1972. Mvua ya mawe ilinyesha saa nane, na mimi nachemka.

Shajara, leo nilitaka kukuandikia habari za Wesley tu. Hii ni wiki ya tisa ya ndoa, na bado naandika jina lake polepole ili lisiishe haraka. Lakini hasira imetangulia.

Kambi hii ya wachuma chai imejaa watu kama siafu, mlango kwa mlango. Kila Jumatatu tunamwagiwa kuni za mikaratusi zilizokatwa juzi. Mbichi kabisa. Wanawake wanapuliza hadi machozi, na fungu linaisha Ijumaa.

Wesley ni mtu wa boila, lile tanuri la mvuke kiwandani. Ndiye aliyenieleza kwamba kule gogo haliingii motoni kabla ya kukauka miezi mingi, maana kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yake. Basi tukapasua zetu nyembamba, tukazipanga chini ya paa, nikazungushia mafiga udongo ili joto lisitoroke. Siku nyingine tulikula viazi baridi ili rundo likue. Sijawahi kushiba vile.

Rundo likafika dirishani. Nikajivuna.

Jana nyapara wa kambi alipita, akalitazama, hakuniuliza neno. Leo asubuhi akatangaza kwamba laini yetu, yaani safu yetu ya nyumba, inapewa kuni kupita kiasi, kwa hiyo kila nyumba itapata nusu.

Nusu.

Nilikimbia kumweleza. Alisema, bila kuinua macho, kwamba kuni zikibaki basi zilikuwa nyingi. Mtu mzima, na kalamu sikioni!

Bombani nikakutana na jirani yetu Mama Joni, mwenye watoto sita.

“Bibi arusi, wewe umesoma,” akasema. “Sasa nipikie watoto na hayo masomo.”

Nikajaza ndoo, nikarudi nyumbani. Nililia ndani. Wesley aliporudi hakunibembeleza. Alianza kubeba rundo letu kuwapelekea majirani. Nikamkasirikia hata yeye, dakika mbili hivi, kisha nikajitwika mzigo wangu na kumfuata.

Tulipofika mlango wa mwisho, nyuma yetu walikuwa wanawake tisa, Mama Joni akiwa mbele. Tumekubaliana. Kesho, kabla ya kwenda kuchuma majani ya chai, kila mmoja atabeba sufuria na kuni zake mbichi, tupike uji chini ya dirisha la ofisi ya nyapara.

Atakaa humo na moshi mpaka uji uive.