Ukurasa Wenye Majina Saba

Kasekese,
Kwa njia ya Posta Mpanda,
9 Juni 1958.

Mpendwa mwanangu Venansi,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii ikukute mzima wewe na mkeo Elizabeti, na kile kifua chako kiwe kimetulia. Sisi huku tunaamka na kulala kwa neema ya Mungu, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo unalijua. Mahindi tumevuna, ila nyani walitutangulia upande wa mtoni.

Mapasa wa kaka yako Selestini, pacha wetu hao, wanaanza kusimama. Doto ndiye aliyetangulia, Kulwa bado anatambaa akimfuata na kulia. Ukiwaona huwezi kujua kwamba ndio wale waliokataa kunyonya siku tano.

Mwanangu, sasa naingia kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nimeanza barua hii mara mbili, nikaichana.

Ulipokuja likizo mwezi wa nane mwaka jana, ulisema huko chuoni mnasoma namna watu wanavyoishi na namna mambo yao yanavyobadilika. Nikacheka, nikakuuliza kama huko chuoni hakuna watu. Ukanijibu, "Shangazi, wa kwetu ndio hawajaandikwa." Neno lile lilinipendeza. Nikakukalisha jikoni kwangu, nikakupikia kambale, na kila ulichouliza nikakujibu. Hata nilipochoka nilijibu, kwa kuwa mtoto wa kaka yangu hafichwi.

Ndipo nikakwambia habari ya kuwaosha mapasa kwa majani ya dawa, kama ilivyo mila yetu, ili wanyonye. Nilikwambia kwamba Padri amekataza, na sisi tulikwenda. Nilikwambia kwamba shangazi ndiye anayeanza nyimbo za kuwatukana wakwe, nami nilianza, na watoto wakanyonya kabla majani hayajakauka kwenye ungo. Tulikuwa wanawake saba. Ukataka majina, ukasema bila majina utachanganya habari, na kwamba hayatatoka kwenye daftari lako. Nikakutajia mmoja mmoja, nani alichuma majani, nani alishika ungo.

Jambo lile nilikuwa nimekwisha kuliungama kabla hujafika. Nilipewa sala za malipizi, nikazisali zote. Mungu alishalifuta, Venansi. Wewe ukaliandika.

Zile karatasi zako zilizopigwa chapa zilikuja kwa treni mpaka Mpanda, ukamtumia Mwalimu Apolinari. Mimi hukunitumia. Najua ni Kiingereza, nisingesoma, lakini ningezishika.

Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Alifurahi, akatuita barazani pa shule Jumamosi, tulipokuwa tumekuja kufagia kanisa. "Njooni msikilize kazi ya kijana wetu." Akawa anasoma na kutufasiria kwa Kiswahili. Nami nilikaa mbele, mwanangu, maana nilikuwa najivuna.

Uliniita Agnesi. Nakushukuru kwa hilo. Lakini ukaandika kwamba huyo Agnesi ni mjane, msimamizi wa akina mama wa kanisa, aliyekatwa kidole na mashine ya kusaga. Watu wote wakatazama mkono wangu. Nikauficha chini ya kanga, nikawa nimechelewa.

Halafu akafika kwenye nyimbo. Zile nyimbo kwa Kibende chetu zina mahali pake na siku yake, na mkwe akitukanwa siku hiyo anacheka na kutoa ungo mwingine wa unga. Ulizipeleka kwenye Kiingereza, Mwalimu akazirudisha kwa Kiswahili mbele ya wanaume na mafagio yetu. Yakabaki matusi matupu, tena kinywani mwangu. Mwalimu mwenyewe alikatiza katikati akafuta miwani.

Na bado hilo silo linaloniuma zaidi. Umeniita mtoa habari. Mara nyingi, kasema Mwalimu, karibu kila ukurasa. Mtoa habari alisema hivi, mtoa habari anaamini mambo mawili kwa pamoja. Miaka yote hiyo nilikuwa shangazi yako. Sasa kisimani wananipokea kwa jina hilo. "Karibu, mtoa habari, leo umetuletea ipi?" Nacheka nao, nikijitwisha ndoo nalia.

Padri hakunigombeza. Aliniita, akasema jambo limeshakuwa la hadharani, kwa hiyo nisimame mbele ya watu nitubu, na niwataje wenzangu ili nao watubu. Tangu Pentekoste sijapokea Komunyo. Nilimwambia nimewasahau, ni uzee. Akanitazama. "Mama Klementina, litania nzima ya Kilatini unaikumbuka." Basi nimeongeza na uongo juu yake.

Akaniambia kwamba atakuandikia wewe, maana umechapa wazi kuwa majina ya wanawake hao unayo. Amesema wewe ni Mkristo uliyesoma, utamjibu ukweli. Barua yake imeshaondoka kwa treni ya Ijumaa.

Hilo ndilo ninalokuomba, Venansi. Usimpe majina. Sitayaandika hapa, siku hizi karatasi naiogopa. Mmoja wao ndiye aliyekubeba mgongoni siku tuliyomzika mama yako, na amebatizwa Pasaka hii baada ya kufundishwa miaka minne. Anapita kwangu kila asubuhi, ananiangalia, haulizi. Hajui kwamba nilimtaja. Sijapata moyo wa kumwambia.

Chana ule ukurasa wa daftari, unitumie nitie motoni kwa mkono wangu. Usiniambie kwa maneno kwamba umechana. Maneno yako ulinipa jikoni, nikayaamini.

Jumapili ijayo nitasimama mbele kama Padri alivyotaka. Nitataja jina moja, langu, halafu nitakaa. Kama atanirudishia Komunyo ama hatanirudishia, sijui. Namwachia Mungu, ambaye hiyo habari alikuwa nayo kabla yenu nyote.

Selestini anakusalimu, ingawa hajataka niandike zaidi ya hapo. Mwalimu Apolinari anakusalimu, ameona haya tangu siku ile. Kulwa na Doto hawakujui bado. Msalimie sana Elizabeti, mwambie mbegu za maboga nitampelekea. Bikira Maria akufunike, akulinde njiani, na hicho kichwa chako chenye elimu akitie na huruma.

Ni mimi nikupendaye, hata kwa wiki hizi,

Shangazi yako,
Klementina.

Nilisahau hili. Ukichana ule ukurasa, kata yale sita tu unitumie. Langu liache kwenye daftari, na kwenye zile karatasi zako ufute Agnesi, uandike Klementina, shangazi yangu.